Siku Wakwe Walipokula Bila Mchele

Nakuru, Jumapili jioni, mwisho wa Agosti 2008

Shajara yangu, leo kuna baridi ya kuingia hadi kwenye mifupa. Rasharasha zimenyesha tangu tutoke kanisani, na mlima Menengai hauonekani kabisa. Miguu yangu imevimba. Nywele zangu zinanuka moshi wa kuni, mimi mwenye saluni. Na kwenye kona ya jikoni, karibu na mtungi wa gesi, kuna gunia la mchele ambalo halijafunguliwa.

Gunia hilo ndilo limenikalisha hapa niandike.

Jana ilikuwa ruracio ya mdogo wangu Shiro, kule nyumbani Longonot. Kwa wewe unayesoma na hujui mambo yetu, hiyo ni siku ambayo watu wa bwana harusi huja kwa kina bibi harusi kuzungumza mambo ya mahari, na kabla ya mazungumzo wanalishwa. Kulishwa ndiko kwenye kazi. Wazee wakishiba vizuri, maneno yanateremka yenyewe. Wakiona wamelishwa ovyo ovyo, ghafla wanakumbuka wana safari ndefu, na mambo yanaahirishwa hadi siku isiyojulikana.

Katika ukoo wetu mimi ndiye Mama Pilau. Jina hilo sikujipa, nilipewa. Iwe harusi, iwe matanga, iwe mtoto wa mtu amemaliza chuo, ukinitafuta utanikuta nyuma ya nyumba na mwiko mrefu kama jembe. Kwa hivyo Shiro aliponipigia simu kuniambia Kamau wake analeta wazee, nilianza kupanga sufuria kichwani kabla hajamaliza sentensi. Ndipo akasema:

"Sis, usikasirike. Hakutakuwa na mchele."

Nilifikiri simu imekatika.

Shiro anafanya kazi kwenye shamba moja la mboga karibu na Naivasha, na amepanga chumba Karagita. Kutwa nzima wanachambua mishiri, yale maharagwe mabichi ya maganda, wanaikata ncha, wanaipanga kwenye vipakiti, na jioni inapelekwa uwanja wa ndege. Mwaka jana walianza kuletewa vibandiko vyenye picha ndogo ya ndege, vya kubandika kwenye pakiti, ili mnunuzi wa kule ng'ambo ajue kwamba chakula hiki kimeruka angani na kimeacha moshi wake huko. Wenzake waliviona kama pambo tu, mmoja hata alibandika kimoja kwenye simu yake. Shiro alianza kujiuliza maswali. Akirudi chumbani anatazama anachopika: mchele wa Pakistani, vitunguu saumu vya China, mafuta ya kutoka sijui Malesia, tufaha la Afrika Kusini alilonunua stendi. Hakuna hata kimoja kilichokuwa na kibandiko, na vyote vilikuwa vimevuka bahari kuja kwake, mtu anayeishi kati ya mashamba.

Basi akajitungia sheria. Ukipanda Longonot hadi juu kabisa, ukasimama kwenye ukingo wa lile shimo la volkano, unaona ziwa lote, unaona Ndabibi ng'ambo ya ziwa, unaona Eburru, na ukigeuka unaiona Kinangop. Kinachoota au kufugwa katika nchi hiyo yote, na kiwe kimefika msimu wake, kitaingia chunguni siku ya ruracio. Kisichoonekana kutoka juu ya mlima, hapana.

Nilimwambia ukweli wangu. "Shiro, wewe unalipwa na hizo hizo ndege. Wazungu wakianza kula cha kwao, wewe utakula nini?"

"Sijui, Sis. Hiyo kitu hata mimi hunisumbua. Lakini siongei mambo ya wazungu. Naongea sahani yangu, siku yangu."

Hapo nilikasirika. Na nikiwa mkweli hapa ambapo hakuna wa kunicheka usoni, sikukasirika kwa ajili ya wageni. Nilikasirika kwa sababu nimenyang'anywa mwiko.

Baba ndiye aliyekuwa na hofu ya kweli. Kina Kamau ni watu wa Ndabibi, wenye ngano na trekta yao. Baba yake, Mzee Njuguna, ni mtu wa maneno machache, lakini ana dada anayeitwa Auntie Gathoni ambaye ameyachukua yale maneno yote aliyoyaacha. Tulisikia kuna boma alikwenda kumposea mpwa wake mwingine, akalishwa asichopenda, na kabla ya chai wageni wote walikuwa barabarani. Na mwaka huu wetu wa vurugu za uchaguzi, ambao watu wengi walikaa kambini wakila mahindi na maharagwe ya msaada, kila mwenye sherehe anataka wali uonekane, ili ijulikane hapa tumesimama tena. Baba alimwambia Shiro polepole, "Watasema nimewapa chakula cha njaa." Sijawahi kumsikia Baba akiongea kwa sauti ndogo namna ile.

Mama alikubali kila kitu hadi tulipofika kwenye chai. Majani ya chai yanatoka Limuru, na Limuru huwezi kuiona kutoka Longonot kwa sababu ukingo wa bonde umeikinga. "Chai isipokuwepo, hata mimi sitakuwepo," Mama akasema, akaendelea kukamua ng'ombe. Shiro alilifikiria jambo hilo kwa uzito wote, kisha akatoa uamuzi kwamba Limuru iko nyuma tu ya ukingo, na mtu mrefu akisimama kwa vidole anaweza kuiona. Sukari ilishindwa kesi, ikaletwa asali ya Eburru. Chumvi ilisamehewa.

Mimi nilikwenda dukani nikanunua gunia la mchele. Ule mzuri, wa punje ndefu. Nikalificha kwenye buti ya gari pamoja na viungo vyangu vya pilau, nikafunika na leso. Baba Brian, mume wangu, aliniona nikifunika. Akasema yeye hajaona kitu.

Nilifunga saluni siku ya Alhamisi nikashuka kumsaidia. Hapo ndipo moyo wangu ulipoanza kunigeuka, ingawa nilipigana nao.

Ungemwona Shiro sokoni Naivasha! Mimi nikinunua nyanya nachagua kwa uso, ile laini inayong'aa. Yeye anaichukua mkononi anauliza, "Mathe, hii imetoka wapi?"

"Imetoka soko."

"Na kabla ya soko?"

Yule mama alicheka, akafikiri, akasema zile kubwa ni za Loitokitok, lakini kuna hizi ndogo za Kongoni, ni vile tu zina makovu. Shiro akachukua zenye makovu, akaziweka kwenye kiondo taratibu. Mbele kidogo minji ya Kinangop, njegere mbichi, ilikuwa imejaa kwenye magunia hadi inamwagika chini, kwa sababu huu ndio wakati wake, na akina mama walikuwa wanaiambua huku wakipiga soga. Akanunua waru, yaani viazi, zenye udongo mweusi bado. Karoti alizikuta na majani yake. Vitunguu saumu alivipita kama mtu asiyemjua. Mahindi mabichi yalikuwa shambani kwetu, malenge kwa jirani, na mbuzi tulimwachia jirani yetu Mmaasai wa kule chini tambarare, ambaye alisema atawaleta kwa miguu, na aliwaleta.

Nilitembea nyuma yake nimebeba kiondo. Huyu ndiye niliyemfunga nepi. Alikuwa anajua mwezi huu ardhi inatoa nini na mwezi ujao itatoa nini, na alikuwa akiuliza watu kwa heshima, kama anayeuliza habari za watoto wao. Wauzaji walisimama wima wakimjibu. Sikuwahi kufikiria kwamba mtu anaweza kununua viazi na kumwacha aliyeviuza akiwa na furaha hivyo.

Nilimwonea fahari, na sikutaka.

Lakini kulikuwa na suala la chapati. Sherehe ya kwetu unaweza, kwa shida sana, kuifanya bila wali. Bila wali na bila chapati, huo ni mkutano. Na unga wa dukani ulikuwa hauwezi kusimama mbele ya sheria ya Shiro, maana ngano nyingine huja kwa meli na kwenye kinu kikubwa zote zinachanganywa. Kwa hivyo alikuwa amemwomba Kamau amletee ngano isiyosagwa kutoka kwa shamba la baba yake, maana kule Ndabibi walikuwa ndio wameanza kuvuna. Kamau akaleta kimyakimya. Hakumwambia mzee, kwa sababu angeanza vipi kueleza kwamba mchumba wake anataka ngano ya gunia na unga umejaa madukani?

Shiro akaipeleka kwenye kinu cha pale senta, kile cha kusagia mahindi. Ikatoka ya rangi ya udongo, na makapi yake ndani. Akaiweka stoo ndani ya ndoo kubwa, akafunika, tukaenda sokoni.

Sasa sikia. Mama yangu, maisha yake yote, amejua unga wa ngano ni mweupe. Unga wa rangi ya udongo ni unga wa uji, hakuna mjadala. Akafungua stoo, akakuta ndoo. Akajiambia, ah, Shiro amesaga ya uji, na kwa kuwa hakuna soda, wageni watahitaji uji wa kuchacha. Akauchota karibu wote, akaukoroga na maji vuguvugu kwenye chungu kikubwa, akakiweka karibu na moto ili uchache. Hakumwambia mtu. Alikuwa anasaidia.

Jumamosi alfajiri Shiro akafungua ndoo ili akande. Kulikuwa na unga wa chini tu.

"Mama, unga uko wapi?"

"Si ulikuwa wa uji? Nimeuchachisha."

"Mama, ni wa chapati."

"Chapati gani za rangi hiyo?" Mama akauliza. Kisha akaelewa, akakaa juu ya gunia la viazi akashika kichwa.

Tulifunua chungu. Kilikuwa kinatoa mapovu, na harufu kali ya uchachu ikajaa jikoni. Funguo za gari zilikuwa mfukoni mwa aproni yangu. Nilizishika. Niseme ukweli, shajara: kuna kitu kidogo ndani yangu kilifurahi. Nikafungua mdomo niseme, basi wacha niwaokoe.

Shiro alitumbukiza kidole, akaonja, akafunga macho. Nilifikiri analia. Akasema, "Leteni ule unga umebaki."

Akaumimina juu ya ule uliochacha, akatia chumvi na samli, akaanza kukanda. Ulikuwa unanata vibaya sana, hadi kwenye viwiko. Akakanda hadi ukakubali. Tukasukuma, mimi na yeye na Mama. Kwenye kikaango zikavimba na kutulia, kahawia, na madoa meusi. Sikuonja hata kipande. Nilikuwa nimenuna.

Wageni walifika wakaimba langoni, wakaimbiwa, wakafunguliwa. Mzee Njuguna alikaa mbele na koti lake la kijivu. Auntie Gathoni hakukaa. Alipita kwenye meza akifunua sufuria moja baada ya nyingine: mukimo wa viazi na mahindi yaliyopondwa pamoja na majani ya malenge, mchuzi wa minji na waru, kabeji, mbuzi wa kuchoma na wa kuchemsha. Akafika mwisho wa meza akarudi tena, kama mtu aliyepoteza kitu.

"Wali uko wapi?"

"Labda bado unaiva," akajijibu mwenyewe, akaketi na sahani yake magotini bila kuigusa. Na mnajua mama kama huyo asipokula, benchi lake lote halili. Akinamama watano sita wakashika sahani zao wakimtazama. Baba alikuwa anaangalia viatu vyake. Gathoni akainua chapati moja kwa vidole viwili, akaigeuza upande huu na upande ule.

"Na hizi? Zilianguka kwa majivu?"

Mtu akacheka kule nyuma.

Sikungoja. Nilitoa funguo nikazunguka nyumba kwenda kwenye gari. Moto bado ulikuwa unawaka, maji ya moto yalikuwepo, pilau yangu haichukui muda. Nilifungua buti nikaondoa leso. Nilikuwa nimeshalikumbatia gunia niliposikia kimya. Kelele zote za kwenye hema la wageni zilikuwa zimekatika, na sauti ya mwanamume mmoja ilikuwa inauliza:

"Nani amepika hii chapati?"

Nikachungulia kwenye kona ya nyumba. Mzee Njuguna alikuwa amesimama, na kipande mkononi. Shiro alitakiwa awe amefichwa ndani na wasichana wenzake, lakini alitoka mlangoni na unga bado kwenye mikono.

"Ni mimi, Baba."

"Unga umenunua wapi?"

"Sikununua. Ni ngano yenu. Kamau aliitoa kwa shamba."

Mzee akamtazama Kamau. Kamau akatazama juu, mlimani, kama anayetafuta msaada huko. Mzee akakata kipande kingine, akakinusa, akakila polepole sana, na sisi wote tukimwangalia akitafuna.

"Mimi nimelima ngano tangu nioe," akasema. "Kila mwaka lori inakuja, inabeba, inaenda. Halafu mama Kamau anaenda duka kununua unga." Akakitazama kile kilichobaki mkononi. "Sijawahi kula ngano yangu. Kumbe iko hivi."

Alisema hayo kwa lugha ya nyumbani, mimi nimeyaandika kwa Kiswahili, na hayana ladha ile ile. Lakini niliona macho yake. Mzee mzima mwenye trekta alikuwa anakaribia kulia kwa ajili ya chapati, na mimi nilikuwa nyuma ya nyumba nimekumbatia mchele wa Pakistani, machozi yakinitoka bila ruhusa.

Kisha akamgeukia dada yake. "Kula, Gathoni. Hii ni shamba letu."

Gathoni akala. Alikula kwanza kwa hasira, kisha bila hasira. Akachukua ya pili, akapakulia mukimo, na benchi lake lote likaanza kula kama lililofunguliwa kamba. Alipofika kwenye ya tatu akamwita Mama, akamuuliza huu uchachu mtamu hivi wanautoa wapi.

Mama hakupepesa jicho. "Hiyo ni siri ya hii boma," akasema.

Nilirudisha gunia mahali pake, nikalifunika vizuri.

Mambo ya mahari siandiki hapa, hayanihusu na wala hayakuhusu. Nitasema tu kwamba yalikwisha kabla ya chai, na Baba alitoka mle ndani akitembea kama kijana. Chai yenyewe ilinywewa na asali, na mzee mmoja akalalamika kwamba haina sukari, akaongezewa kikombe, akanyamaza. Wakati wa kuaga, Mzee Njuguna alimwomba Shiro amfungie chapati za kumpelekea mama yake mzazi. Mama huyo ni mzee sana, hawezi kusafiri. Yeye ndiye aliyelivunja lile shamba kwa jembe, kabla ya trekta, na yeye pia hajawahi kuila ngano yake. Shiro akamfungia kwenye leso. Leso yangu, ile niliyofunikia mchele. Mzee aliipakata mapajani ndani ya gari hadi nilipoacha kuwaona. Nilimsikia akimwambia Kamau dirishani kwamba safari hii, kabla lori haijaja, gunia moja libaki nyumbani.

Sasa niko hapa. Nilikuwa nimepanga leo nijipikie pilau ya kujifariji, nikashindwa hata kukata kamba ya gunia. Nimechemsha minji niliyorudi nayo. Baba Brian amekula, akaniuliza imetoka wapi. Nikajibu bila kufikiri, "Kinangop, kwa mama fulani anaitwa Mama Wahu, na wiki ijayo itakuwa imepungua." Akanitazama kana kwamba nimebadilishwa huko Longonot.

Lakini Kinangop ni ya Shiro. Mawingu yakiondoka, kutoka dirisha hili naona Menengai, na pembeni yake mashamba yanayoelekea Bahati. Nimeishi hapa tangu niolewe. Nimesuka vichwa vya wanawake wa mashamba yale mwaka hadi mwaka, na sijui kule wanavuna nini mwezi huu. Nitafungua saluni asubuhi, na wa kwanza kukaa kwenye kiti, kabla sijamuuliza anataka mtindo gani, nitamuuliza kwao saa hii kuna nini shambani.

Mchele utangoja. Umetoka mbali sana, acha upumzike.